Sukari, Zabibu na Mikeka Miwili

Watu wa Norsborg walimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake kamili analijua Mungu na ofisi ya kodi, yatosha. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alifika Sweden kwa njia ipi, hayo mtafuteni mwingine awasimulie. Mimi nilikaa naye jengo moja kwa miaka kumi na saba, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya tano, na sasa tumeshamzika. Ninachokijua ni namna alivyokunywa chai, alivyobisha hodi, alivyokasirika na alivyocheka. Na kuna jambo nilimfanyia. Nitalisema, msinikimbize. Kwanza mumjue mtu mwenyewe.

Alikuwa Mganda, na kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuwafundisha watoto wetu Kiswahili. Huku shule huwapa watoto kipindi kimoja kwa wiki cha lugha ya nyumbani kwao, na kwa shule za upande wetu mwalimu wa Kiswahili alikuwa yeye. Sisi Watanzania tulicheka sana. Mganda atufundishie watoto Kiswahili, jamani, kweli dunia imegeuka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nimekulia Tanga, na mtu wa Tanga haambiwi kitu kuhusu Kiswahili. Kisha binti yangu Neema akaugua mafua, nikamwandikia Mwalimu barua fupi ya kumwombea ruhusa. Barua ilirudi kesho yake ikiwa na alama nne za kalamu nyekundu. Nilinuna wiki nzima. Nilipokutana naye kwenye ngazi nikamtupia shikamoo ya kumkomoa, akaitikia marahaba kwa upole kabisa, akanishikia mlango. Baadaye niliisoma tena ile barua, nikakuta makosa yote manne ni makosa kweli.

Watoto walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Walimjibu kwa Kiswidi, kama wanavyotujibu sisi wazazi wao, na yeye, ambaye Kiswidi alikijua kuliko sisi sote, aligeukia dirishani na kungoja mpaka mtoto achoke na kujaribu tena kwa Kiswahili. Hakugomba, hakukumbusha. Alingoja tu. Neema aliniambia mara moja walikaa hivyo mpaka kipindi kikaisha, na wiki iliyofuata alipoingia darasani akamkuta Mwalimu tayari anatazama dirishani, akiendelea pale pale walipoachia. Lakini msidhani alikuwa malaika wa Kiswahili. Kompyuta ikimkwamia, au benki ikimweka kwenye simu nusu saa, Mwalimu alikuwa akilaani kwa Kiswidi cha kiwandani, maneno ambayo hata mimi siyatamki. Niliyasikia mwenyewe kupitia mlangoni, nikashuka ngazi polepole ili niyasikie vizuri.

Dini yake ndiyo iliyotutatiza. Tulizoea kuwa mtu ni Mkristo au Mwislamu, na kwenye sherehe tulijua nani anakula nini. Mwalimu alikuwa Myahudi. Hakuzaliwa hivyo, aliingia mwenyewe akiwa kijana, huko kwao ambako wapo watu walioifuata dini hiyo, na alipofika huku akaingizwa tena rasmi kwa kuwa wenyewe walitaka uhakika. Waganda wenzake walokole walimwombea aokoke. Waislamu wetu walimwalika Idi kwa kuwa hali nguruwe, mambo yakaishia hapo. Kwenye nyumba ya sala mjini kulikuwa na ulinzi mlangoni, kila anayeingia huulizwa, na yeye alisema hana neno na walinzi, wako kazini. Ila siku moja akiwa na uchungu wake aliniambia kwamba wenzake wanaulizwa jina, yeye anaulizwa historia. Kisha akaniomba sukari, akashuka kwake.

Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jioni hakupanda gari wala treni, hakuwasha taa, hakushika kalamu. Mwezi wa kumi na mbili jua la huku linazama kabla ya saa tisa mchana, na zamani alipokuwa kiwanda cha malori kule Södertälje ilimbidi amwombe msimamizi amwachie mapema. Mwezi wa sita halizami mpaka saa nne usiku. Nilimkuta mara nyingi amekaa kwenye kibaraza chake, chakula kimepikwa, mishumaa iko tayari, akilitazama jua kama mtu anayengoja mgeni aage.

Nilimwona akilivunja hilo mara moja tu. Mimi nafanya kazi kiwanda cha dawa, Södertälje huko huko, na siku hiyo nilikuwa zamu ya mwisho wa wiki. Simu ikaja kutoka Tanga kwamba mama yangu amefariki. Nilimpigia Neema, wakati huo ana miaka kumi na minne, nikashindwa kusema, nikakata. Neema akashuka kumwambia Mwalimu. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, sijui muda gani umepita, mlango ukafunguliwa nikamwona yeye na kofia yake. Alikuwa amepanda basi mpaka Tumba, akapanda treni mpaka Södertälje.

Nikamwambia, "Mwalimu, leo si Jumamosi?"

"Najua leo ni siku gani," akasema. "Vaa kiatu."

Akanirudisha nyumbani. Hakulitaja tena, wala mimi sikuthubutu kulitaja. Mkumbuke hilo mtakapofika kwenye langu.

Mazungumzo yetu mengi yalikuwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Kila nyumba ina saa yake ya mashine, na sisi wawili tuliandikisha saa zinazofuatana ili tupate kuzungumza. Siku moja nilitoa kwenye mfuko wa sketi karatasi ya ibada ya Jumapili, imelowa, nikaitupa kwenye pipa. Mwalimu akainama na kiuno chake kibovu, akaitoa, akaikunjua juu ya mashine ikauke. Nikamwuliza anataka kuokoka sasa? Akacheka. Akanieleza kwamba kwao karatasi yenye jina la Mungu haitupwi wala haichomwi. Inawekwa mahali pamoja na nyingine zilizochakaa, na zikijaa zinapelekwa makaburini, zinazikwa. Nikamwambia lakini hiyo ni ya Walutheri. Akasema jina ni jina. Alikuwa na mfuko mzima wa namna hiyo: kalenda za msikitini, ratiba za kwaya, tangazo la mkutano wa injili wa Wakongo, vyote kaviokota kwenye mapipa ya jengo letu.

Hapo ndipo aliponisimulia kwa mara ya kwanza habari za wafanyabiashara wake. Nasema wake kwa sababu alivyowataja ungedhani wanakaa ghorofa ya nne. Walikuwa Wayahudi wa zama za kati, watu wa bahari, ambao walitoka Misri wakaenda Adeni, wakatoka Adeni wakaenda Malabari ya Uhindi kununua pilipili na chuma, na wengine wakakaa huko miaka na miaka bila kuona ndugu. Waliandikiana barua kwa Kiarabu, lakini kwa herufi za Kiebrania. Nyingi zilianza kwa kumtaja Mwingi wa Rehema, hata kama ndani ni manung'uniko ya vyombo vya shaba vilivyochelewa. Kwa kuwa Mungu alitajwa humo, hawakuthubutu kuzitupa. Walizirundika kwenye ghala la nyumba yao ya sala huko Kairo ya kale, na zile zilizopaswa kuzikwa hazikuzikwa. Zikakaa karne baada ya karne. Leo zimepigwa picha, mtu anaweza kuzitazama kwenye kompyuta ya maktaba, na Mwalimu alizitazama kila siku ya wiki aliyoruhusiwa na dini yake, akazifasiri kwa Kiswahili kwenye madaftari.

Nilimwuliza nani atazisoma. Akasema, "Wewe." Nikamwambia mimi ninasoma maandishi ya kwenye chupa za dawa tu. Basi akawa ananisomea yeye huku mashine zinazunguka, na nakiri kwamba nilianza kungoja siku ya kufua. Watu wale walinuna kama sisi. Mwandishi anamwuliza ndugu yake kwa nini kimya mwaka mzima. Anamwuliza kama mtoto amepona. Anajitetea kwamba mzigo haukuharibika mikononi mwake. Mwisho wa barua zinakuja zawadi: nimekutumia sukari, nimekutumia zabibu, nimekutumia mikeka. Na mara nyingi karatasi, karatasi nyeupe ya kuandikia, kwa kuwa huko Malabari ilikuwa adimu. Mwalimu aliipenda sana zawadi hiyo. Yeye mwenyewe, tangu nimjue, hakuwahi kununua karatasi ya kuandikia rasimu. Alichukua bahasha za ofisi, zile zenye kidirisha, za kodi, za bima, za manispaa, akazifungua kwenye gundi zikawa bapa, akaandika upande wa ndani kwa penseli. Hata alipougua na mimi nikawa namnunulia vitu, aliniandikia kwenye bahasha: maziwa, ndizi za kupika, betri mbili. Mkumbuke na hilo.

Katika watu wake wote kulikuwa na mmoja aliyemkosesha usingizi. Alikuwa mwanamke wa Malabari. Mfanyabiashara mmoja alimnunua, akamwacha huru, mwanamke akaingia dini ya yule bwana, wakazaa watoto. Bwana aliporudi kwao pamoja naye na watoto, watu wakaanza kuuliza. Huyu ni mke kweli? Aliingizwa sawasawa? Hawa watoto ni wa kwetu au si wa kwetu? Bwana aliandika kujitetea, na karatasi zake zipo chungu nzima. Za mwanamke hakuna. Wasomi wamepekua, hakuna hata mstari mmoja aliouandika yeye au aliomwandikisha mtu. "Amejadiliwa na kila mtu," Mwalimu aliniambia, "na yeye hakupewa karatasi."

Basi akaamua kumwandikia. Alitunga barua kwa Kiswahili, barua ambayo mwanamke yule angemwandikia mama yake aliyebaki pwani ya Malabari, ya kumweleza imekuwaje kuitwa mtu mwingine. Aliifanyia kazi miaka kumi na moja. Yale madaftari mengine aliyaona kuwa kazi ya kawaida, mtu yeyote mwenye subira angeyaandika. Ile barua ndiyo iliyokuwa yake. Aliniambia wazi kwamba anataka aimalize kabla hajafa, amsomee mtu japo mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na baada ya hapo hana haja tena. Mwanzo na mwisho alishapata. Katikati alikuwa akiifuta na kuiandika upya. "Mwanzo ni adabu, mwisho ni zawadi," alisema. "Mtu mwenyewe yuko katikati."

Na katikati hiyo aliniweka mimi. Nilizaliwa Mlutheri, nikaolewa na Mwislamu, nikabadili dini na jina. Ndoa ikaisha, nikarudi kanisani na jina langu la zamani. Wanawake wa kanisa letu hapa wanalijua hilo, na wote, kwa heshima zao, hawajawahi kuniuliza neno. Mwalimu aliniuliza, nguo zikiwa zinazunguka, bahasha gotini: "Siku ya kwanza ulipoitwa kwa jina jipya, uligeuka?"

Nilitaka kumwambia hayamhusu. Nikajikuta najibu. Nikamwambia siku ya kwanza niliendelea kuchambua mchele, nikidhani anaitwa mwingine. Siku ya pili nilisikia nikaona haya. Niligeuka siku ya tatu. Akaandika. Akaniuliza na mengine, nikamweleza mambo ambayo sijamweleza dada yangu, na mengine siwezi kuyakumbuka sasa nilivyoyasema, nakumbuka tu kwamba nilipotoka pale mwili ulikuwa mwepesi. Kwa miezi kadhaa ikawa hivyo, yeye anauliza, mimi nakunja mashuka na kujibu.

Mwezi wa pili, miaka mitatu iliyopita, aliteleza kwenye barafu mbele ya jengo akavunjika nyonga. Kutoka hospitali wakasema hawezi tena ngazi, nafasi ikapatikana kwenye nyumba ya wazee huko Sundbyberg. Nyumba yake ilitakiwa irudishwe mwisho wa mwezi, tupu, imesafishwa mpaka ndani ya jiko, maana hapa wanakuja kukagua kwa kidole. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Alinipa funguo pale kitandani, akasema nguo na vyombo nigawe, vitabu nimpelekee vichache. "Karatasi zangu unitunzie," akasema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nani asiyeyajua madaftari yake.

Tulihamisha mimi na Neema, siku mbili. Kwenye stoo ya chini tukakuta maboksi manne ya ndizi. Matatu yalikuwa na madaftari, yamefungwa kwa kamba, nikayapandisha kwangu kwa heshima zote. La nne lilijaa bahasha za ofisi, mamia, zimefunguliwa bapa na kupangwa vizuri, nembo ya serikali juu. Nikasema ama kweli, uzee, mtu mzima anaweka bahasha za kodi. Kwa akili yangu, barua alishaihamishia kwenye madaftari, na zilizobaki ni orodha za dukani tu. Mnisikilize sasa. Mimi ni mtu ninayejivunia usafi. Kiwandani nimefundishwa kila kitu na mahali pake, na kwenye jengo letu mimi ndiye ninayewakumbusha wengine kutenganisha taka. Bahasha ya kidirisha ni karatasi na plastiki. Kwa hiyo nilikaa chini kwenye saruji ya stoo, nikazichukua moja moja, nikachana vidirisha vyote, plastiki huku, karatasi kule. Saa nzima na zaidi. Nilikuwa hata naimba.

Nilipindua moja. Ndani, kwa penseli: sukari, zabibu, mikeka miwili. Nikacheka nikamwonyesha Neema, tazama Mwalimu na orodha zake za dukani, mikeka miwili ya nini naye anaishi peke yake? Neema akaitazama kwa muda, akasema kwa Kiswidi chake kwamba labda tuzisome kwanza. Nikamwambia funguo zinatakiwa saa sita, asome akiwa mzee. Tukalibeba boksi mpaka kwenye makontena ya taka nyuma ya duka, nikazimimina kwenye lile la karatasi. Vidirisha nikavitia kwenye la plastiki. Nilirudi nimeridhika na nafsi yangu.

Wiki tatu baadaye nilimpelekea madaftari Sundbyberg. Aliyapapasa, akayahesabu kwa kidole, akanishukuru mpaka nikaona aibu ya kushukuriwa hivyo. Kisha akasema, "Na lile la bahasha liache kwako kwanza, hapa hapana nafasi. Yule mwanamke wa Malabari yumo humo. Lipo?"

Nikasema, "Lipo, Mwalimu."

Nilikimbia kutoka stesheni mpaka kwenye makontena kama vile yangekuwa yamenisubiri. Yalikuwa yamekwishamwagwa sijui mara ngapi. Nikaenda maktaba. Yule msichana wa maktaba akanitafutia barua za wale wafanyabiashara, akanipatia kitabu kizito, zilikuwemo zote kwa Kiingereza, za shaba na za pilipili na za zabibu. Nikaona tumaini. Kisha nikakumbuka kwamba ya mwanamke haimo, haiwezi kuwemo, haikuwahi kuandikwa na mtu yeyote duniani ila Mwalimu, kwa penseli, upande wa ndani wa bahasha. Na ndani ya bahasha hizo nilikuwemo na mimi.

Hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu watu wakinisikia wananifariji kwamba hukujua, ni bahati mbaya, ungejuaje. Kutupa, sawa, sikujua. Lakini siku ile aliponiuliza kama lipo, akili yake ilikuwa nzima. Ile barua alikuwa nayo kichwani neno kwa neno, aliifuta na kuiandika miaka kumi na moja. Ningemwambia pale pale angenuna, angegeuza uso, labda asingesema nami mwezi mzima, kisha angeniambia kaa, chukua kalamu. Jumapili mbili zingetosha. Mimi nikasema lipo. Nikajiambia ngoja nyonga ipone kwanza. Ikapona. Ngoja sikukuu zao zipite. Zikapita. Akawa ananiuliza kila nikienda, na mimi na ulimi wangu nikawa na jibu: gari la kuazima halijapatikana, ufunguo wa stoo umepotea, lifti ya stesheni imeharibika. Niliona haya, basi. Mtu aliyevunja Jumamosi yake kwa ajili yangu, nami nikashindwa kuvunja uso wangu kwa ajili yake.

Yeye aliniamini. Hata alinipa pole kwa ajili ya lifti. "Hakuna haraka," alisema. "Amesubiri karibu miaka mia tisa, atawasubiri na mafundi wenu."

Mwaka wa pili akaanza kupotea. Mwanzoni vitu vidogo, miwani, jina la muuguzi. Kisha akawa ananiuliza leo ni siku gani, namwambia, anauliza tena. Mara nyingine aliniita kwa jina la mtu ambaye simjui, kwa Kiganda, na mimi nikaitikia. Madaftari yalikuwa mezani kwake lakini alikuwa anayafungua na kuyafunga tu. Bado aliuliza habari za boksi, siku moja moja. Nilianza kuombea asiulize. Kisha akaacha kuuliza, na nilipogundua kwamba ameacha nililia kwenye treni mpaka mama mmoja wa Kiswidi akanipa karatasi ya kufutia machozi bila kunitazama.

Aliyenisukuma ni Neema, ambaye wakati huo ndiye pekee niliyemweleza yote. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake, na tangu utotoni nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, nimeshazoea. Ijumaa moja nilikuwa namsimulia nitakavyokwenda Sundbyberg kesho yake, nimpelekee nini. Akaweka kijiko chini. "Mama," akasema, kwa Kiswahili, "mwambie."

Nikaenda. Ilikuwa Jumamosi kwa sababu ndiyo siku niliyokuwa sina zamu. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, blanketi magotini. Nikamwamkia, akaitikia, na akaniita Mama Neema, jina langu, vizuri kabisa. Nikajua nikiondoka leo bila kusema sitasema tena.

"Mwalimu, zile bahasha hazipo," nikasema. "Nilizitupa siku ile ile tulipohamisha nyumba. Nimekudanganya muda wote huu."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, au hakunisikia, na sijui lipi nililitamani. Kisha akauliza, macho bado yamefumba, nilizitupa wapi. Nikamwambia kwenye kontena la karatasi. Nikaongeza, sijui kwa nini niliongeza, kwamba vile vidirisha nilivitoa kwanza.

"Vyote?"

"Vyote, Mwalimu. Kimoja kimoja."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilisimama nimwite muuguzi, nikaona kumbe anacheka. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia, na ikawa hivyo kwa muda, yeye anacheka mimi nalia. Alipotulia akajifuta kwa blanketi, akasema, "Chukua kalamu."

Alikuwa amesahau leo ni siku gani. Mimi sikusahau. Ningeweza kumwambia, Mwalimu leo ni Jumamosi, hakuandikwi, tungoje kesho. Lakini nilimwangalia, nikaona kesho hatakuwa na neno hata moja. Nikanyamaza, nikatoa kalamu, nikachukua juu ya meza karatasi ya ratiba ya chakula cha wiki, nikaigeuza nyuma.

Akaanza bila kusita, kwa sauti ya darasani. Kwa jina la Mwingi wa Rehema. Kwa mama yangu, ninayemwona kila nikifumba macho, kutoka kwa binti yako aliye mbali. Salamu zikaja zote kwa mpangilio wake, mtu kwa mtu, mpaka jirani, mpaka mbuzi. Nikaandika. Kisha akaruka, akaenda moja kwa moja kwenye mwisho: nimekutumia sukari, nimekutumia zabibu, nimekutumia na mikeka miwili, mmoja wa kulalia wewe, mwingine uutandike pembeni yako usiku nitakaporudi. Nikaacha nafasi kubwa kati ya salamu na zawadi, nikamwambia, "Na katikati, Mwalimu?"

Midomo ikacheza. Akakunja uso, akaangalia mikono yake, akaigeuza kama aliyeweka kitu mkononi akakikosa. Nilihesabu magari matatu yakipita barabarani. Halafu akanitazama usoni, kwa hamu, kama siku ile kwenye chumba cha kufulia, kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza.

"Mama Neema, siku ya kwanza ulipoitwa kwa jina jipya, uligeuka?"

"Niligeuka siku ya tatu, Mwalimu."

"Andika hivyo."

Nikaandika. Kisha akageukia dirishani, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto, akangoja niendelee. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka walipoleta chakula.